Nimekwama Papenburg kwa mvua, mji ilikotengenezwa Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Wazee wa Kigoma, nitazame nini?

Oila wa Bangwe (Jumanne, saa 9 alasiri)

Shikamooni wazee, na wengine habari za nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Bangwe, nafanya kazi ya oila, yaani mtia mafuta mitambo, kwenye meli ndogo ya mizigo. Tangu jana asubuhi tumefunga kamba Papenburg, Ujerumani. Tuliupanda mto Ems kutoka baharini maji yakiwa yamejaa, tukaingia bandarini kupitia lango la maji. Mzigo wetu ni marobota ya malighafi ya karatasi, na marobota haya hayatakiwi kuloa hata kidogo. Mvua ikianza, mifuniko ya hechi, midomo ya ghala la meli, inafungwa, winchi zinasimama, wapakuaji wanakimbilia kibandani kwao. Na mvua ilianza jana saa nne asubuhi, mpaka muda huu haijakatika. Si mvua kama yetu ya masika, inayokuja na radi na upepo, ikapiga, ikamaliza kazi yake ikaenda. Hii inanyunya tu, kimya kimya, mchana na usiku, kama mtu anayelia bila kutoa sauti. Chifu, mkuu wa mitambo, anasema kwa utabiri ulivyo hatutoki hapa kabla ya Alhamisi, na kesho amenipa ruhusa ya kushuka kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Ingekuwa bandari nyingine ningelala, maana zamu za wiki hii zimenichosha. Lakini hapa siwezi kulala, na sababu ni babu.

Babu mzaa mama alikuwa mchochea moto kwenye Liemba enzi za mvuke, kabla haijafungwa injini za dizeli. Kazi yake ilikuwa kulisha boila. Sisi wajukuu tumekua tukimsikia akisema meli ile ilitoka "Papemburu", akilitamka jina kama vile ni kijiji cha jirani, baada ya Kalinzi hivi. Mimi nilidhani ni hadithi za wazee. Nilipoona jina kwenye karatasi ya safari nililisoma mara mbili, kisha nikamwonyesha chifu, naye akasema ndiyo, hapo ndipo tunapokwenda.

Jana usiku nikampigia simu. Hakuuliza kama nimekula wala kama kuna baridi. Aliuliza kitu kimoja: "Mto walioitolea Liemba una upana gani?" Nikatoka na mwamvuli mpaka mjini kuangalia. Wazee wangu, nimeona mfereji unaopita katikati ya mji, nyumba za matofali huku na huku, na ni mwembamba kiasi kwamba ningerusha jiwe kwa mkono wa kushoto likafika ng'ambo. Liemba ina mita 71. Ilipitaje hapa? Nimeshindwa kumjibu babu, nikamwambia nitamwambia kesho.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Kiwanda cha meli cha zamani kilikuwa sehemu gani? Kuna kitu chochote mtu wa Kigoma anapaswa kukitazama hapa asije akarudi nyumbani akaulizwa akakosa jibu? Nina siku moja, gambuti za kazini na simu yenye chaji.

---

Mha wa Leer (Jumanne, saa 11 jioni)

Karibu sana kaka. Niliishi miaka mitatu Leer, mji wa jirani hapo kaskazini, na Papenburg nilikuwa nafika mara kwa mara. Nakuelekeza kwa miguu maana ni mji wa kutembea, na mvua yake usiiogope, watu wa huko wanaendesha baiskeli ndani yake kana kwamba haipo. Ukikutana na mtu mwambie "Moin". Ni salamu ya asubuhi, mchana na jioni, hutakosea.

Fuata mfereji mkuu, unaitwa Hauptkanal. Mbele ya ukumbi wa mji utaona jahazi la milingoti miwili limefungwa majini, Friederike von Papenburg. Ni mfano wa vyombo vilivyokuwa vikitengenezwa hapo zamani. Endelea mpaka karakana za zamani za Meyer, kampuni iliyoitengeneza Liemba. Usichanganye na kiwanda kipya, hicho kiko nje ya mji na kilihamia huko miaka ya 1970. Karakana za zamani ni majengo ya matofali mekundu, leo ni hoteli na ukumbi wa sanaa, bado yanaitwa Alte Werft, yaani kiwanda cha zamani. Hapo ndipo penyewe.

Ukibaki na muda nenda Von-Velen-Anlage, makumbusho ya wazi ya vibanda vya wakazi wa kwanza. Watu wengi wanaruka hapo wakakimbilia kuangalia meli kubwa za watalii, na mimi naona wanakosea. Bila vile vibanda huwezi kuelewa kwa nini kuna mifereji.

Na kunywa chai. Eneo lile wanaipenda chai kweli kweli, wanaweka bonge la sukari ya mawe chini ya kikombe, wanamimina chai ya moto juu yake mpaka sukari ilie, halafu kijiko kidogo cha krimu pembeni. Hawakorogi.

---

Mwalimu Mstaafu, Mwanga (Jumanne, saa 2 usiku)

Marahaba mwanangu. Umenigusa moyoni na swali lako, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza mtoe babu wasiwasi. Liemba haikupita kwenye mfereji huo ikiwa meli. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer, kampuni iliyoanza kazi mwaka 1795. Iliungwa kwa bolti tu ili kuhakikisha kila bamba linakaa mahali pake. Kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000. Masanduku hayo yakapelekwa Hamburg, yakapanda meli mpaka Dar es Salaam, na kutoka Dar yakapanda treni. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikapita Tabora, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hiyo mto ulioitoa Liemba, mwambie babu, ni reli ile ile inayoishia mbele ya stesheni yetu.

Mafundi watatu kutoka Papenburg walikuja nayo kuisimamia: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yameandikwa kila mahali inapohadithiwa habari ya meli hii, na wanastahili, maana walifanya kazi ngumu mbali na kwao. Meli iliingizwa ziwani tarehe 5 Februari 1915, vita ikiwa imeshaanza. Ilipewa jina la Graf von Goetzen, gavana wa koloni tangu 1901 hadi 1906. Vijana wengi wanalitamka jina hilo bila kujua kwamba ndiye aliyekuwa gavana Vita ya Maji Maji ilipolipuka, wakati wazee wetu wa kusini walipokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba kuchomwa. Mimi nafurahi kila mara ninapokumbuka kwamba jina hilo halipo tena ubavuni mwa meli.

Mengine nadhani babu anayajua kunishinda. Wajerumani walipozidiwa, Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, wakiwa wameipaka mitambo grisi nzito ili isiliwe na maji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa ombi langu. Nimefundisha historia miaka 31 katika shule za mji huu. Kila mwaka mtoto mmoja ananiuliza: "Mwalimu, na hapa Kigoma nani waliijenga?" Mabamba hayakujiunga yenyewe. Walikuwepo mafundi wa Kihindi, na walikuwepo watu wa hapa, wengi mno, waliobeba, waliochochea moto, walioshika, waliopiga nyundo. Namjibu mtoto kwamba majina yao sina. Jibu hilo nimelitoa miaka 31 na kila mara linaniuma. Ukifika hapo kwenye karakana, tazama kwa makini ni kazi gani ilifanyika kwao na ni kazi gani ilibaki kufanyika kwetu. Mtu wa mitambo kama wewe ataona jambo ambalo mimi mwalimu wa chaki siwezi kuliona.

---

Mama Dagaa Kibirizi (Jumanne, saa 3 usiku)

Mwanangu vaa soksi mbili. Hilo la kwanza.

Mimi nimezaliwa Kalya. Kwetu hakukuwa na gati, Liemba ilikuwa inasimama maji ya kina, na sisi tunaifuata kwa mitumbwi na maboti ya mbao. Ikija usiku unaona taa kwanza, kama mji umetokea ziwani, halafu honi inapiga na kijiji kizima kinaamka. Mama yangu alikuwa ananifunga kiunoni kwa khanga, magunia ya dagaa yametangulia mbele, tunapanda kwa mlango wa ubavuni huku mtumbwi unapanda na kushuka. Mvua ikinyesha ndiyo balaa, maana dagaa akiloa umepata hasara ya mwezi. Kwa hiyo nawaelewa hao wapakuaji wako wanaofunga mzigo manyunyu yakianza. Wana haki.

Tangu iliposimama kwa matengenezo sisi wa vijiji vya kusini tunasafiri kwa maboti, na kila msimu wa upepo moyo unakuwa mkononi. Ndiyo maana habari hii si ya kujifurahisha kwangu.

Swali langu ni dogo. Hao watu wa mifereji walikuwa wanauza nini? Mtu hachimbi mfereji mrefu namna hiyo bila biashara. Niangalizie.

---

Oila wa Bangwe (Jumatano, saa 3 usiku)

Nimerudi melini, gambuti ziko juu ya bomba la moto zinakauka, naandika kabla zamu haijaanza. Asanteni wote. Mwalimu, shikamoo tena, jibu lako nilimsomea babu asubuhi kabla sijashuka. Aliposikia "mto ulioitoa Liemba ni reli" alinyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo mwalimu ana akili." Nikamwambia bado nitakwenda kupima mfereji.

Mama, naanza na swali lako maana ndilo lililonifungua macho. Walikuwa wanauza udongo. Ndiyo, udongo. Eneo lote hili lilikuwa kinamasi, na udongo wake ni mweusi, umejaa mizizi na majani ya miaka mingi yaliyooza nusu. Ukiukata kama tofali ukauanika, unawaka kama kuni. Wanauita Torf. Mwaka 1631 bwana mmoja, Dietrich von Velen, alianzisha makazi hapa. Mfereji ulifanya kazi mbili kwa mpigo, kukausha kinamasi na kupitisha boti za kupeleka huo udongo sokoni. Ukikata udongo zaidi, unachimba mfereji mbele zaidi. Ndiyo maana mji umenyooka kama kamba, nyumba zinafuata maji. Na waliokuwa wanatengeneza boti za udongo wakaja kutengeneza majahazi ya baharini, kisha meli za chuma. Liemba ni mjukuu wa boti la kubebea udongo.

Maji ya mfereji ni ya rangi ya chai. Nasema chai ya rangi iliyokolea, ile ya msibani. Nilichota kwa kofia ya chupa nikayatazama kwenye mwanga, yamekaa kahawia lakini hayana matope, ni huo udongo wa kinamasi unaoyapa rangi. Nikakumbuka maji ya kwetu pale Bangwe, unaona jiwe liko chini kabisa ukadhani utaligusa kwa mkono. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 linaonyesha mawe yake, na mfereji ambao pengine ningesimama ndani yake hauonyeshi kitu.

Kaka wa Leer, Friederike nimeiona, kamba zake zote zilikuwa zinachuruzika. Chai nimekunywa, sikukoroga. Kiwanda kipya nimekiona kwa mbali tu, jumba lake kubwa lina urefu wa mita 504, Liemba saba zingelala humo zikifuatana na nafasi ingebaki. Meli wanazojenga humo ni kubwa mno kwa mto, zikitoka zinapelekwa baharini kinyumenyume kwenye Ems maji yakijaa. Ningependa kuiona siku meli inapotoka hivyo, lakini leo sikuwa nimekuja kwa ajili yake.

Alte Werft nilifika kama saa tano. Mvua ilikuwa imezidi. Nilisimama chini ya ukuta wa matofali mekundu, nikauwekea kiganja. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Matofali yalikuwa ya baridi na yana mashimo madogo madogo. Alikuwa anapita mzee mmoja na mbwa, koti la mvua la njano, akasimama akaniangalia. Nikamwambia "Moin". Naye "Moin". Kijerumani changu ni cha kuombea kamba na maji, kwa hiyo nikasema neno moja tu: "Goetzen." Akanyoosha kidole kwenye karakana, akasema kwa Kijerumani, "Hapa." Kisha akanyoosha kidole kwangu na kuuliza, nikasema: "Kigoma."

Akatoa miwani mfukoni. Tukaingia kibarazani kukimbia mvua, nikafungua programu ya kutafsiri kwenye simu. Alikuwa fundi wa kuchomelea, amestaafu siku nyingi. Nikamwonyesha picha niliyonayo ya babu, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, amesimama sitahani na wenzake wanne, nyuma yao ukuta wa meli. Mimi picha ile nimeitazama maisha yangu yote na siku zote nilikuwa namtazama babu. Yule mzee hakumtazama babu. Aliikuza picha kwa vidole viwili akafuata ukuta ulio nyuma, ribiti moja baada ya nyingine, zile pini za chuma zinazounganisha mabamba, midomo yake inacheza, anazihesabu. Halafu akazungumza na simu taratibu ili isikosee, nayo ikaniandikia: *Hapa tulifunga kwa bolti tu. Ribiti za bodi zilipigwa kwenu.*

Mwalimu, nadhani hiki ndicho ulichoniambia nikitazame. Nimefanya kazi na vyuma miaka tisa na sikuwahi kulifikiria hivyo. Bolti unaifunga leo, kesho unaifungua, haiachi neno. Ribiti ni kitu kingine. Inapashwa moto mpaka inakuwa nyekundu, mmoja anairusha kwa koleo, mwingine anaichomeka tunduni, mwenzake anaikandamiza kichwa kwa ndani kwa chuma kizito, na wa nje anaipiga nyundo kabla haijapoa. Ikipoa inajikaza, inayavuta mabamba yashikane. Kila ribiti inahitaji watu wanne wanaoaminiana, na lazima wote wawe wepesi. Zidisha hilo kwa meli ya mita 71. Kwa hiyo kilichotoka Papenburg ni mabamba yaliyopimwa vizuri. Kilichoyafanya yakawa meli isiyovuja, ikalala chini ya maji miaka minane na ikaibuliwa ikafanya kazi tena, kilifanyika pale ufukweni Kigoma, kwenye jua letu, na kwa mikono ya watu ambao majina yao huna.

Babu alikuwa na hadithi moja tuliyokuwa tunaipenda tukiwa watoto. Akitoka kwenye boila alikuwa hoi kwa joto, anakwenda kulala ameegemea bodi la meli kwa ndani, chini ya usawa wa maji, maana pale chuma ni cha baridi kwa ajili ya ziwa. Akiamka mgongo umejaa alama za vichwa vya ribiti, mistari miwili miwili, na bibi akimsugua nyumbani anazihesabu. Nilimsimulia yule mzee kwa simu ile ya kutafsiri. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, ingawa nadhani ilikuwa mvua. Akaniuliza kama meli ipo. Nikamwambia ipo. Akasema "gut", akamvuta mbwa wake, akaenda.

Vile vibanda vya makumbusho nilifika saa nane nikiwa nimeloa mpaka kwenye mfupa, na namshukuru kaka wa Leer kwa kunisukuma. Kibanda cha kwanza kimejengwa kwa mabonge ya udongo na majani, unaingia umeinama, hakina dirisha la maana. Nikakaa humo peke yangu nikisikiliza mvua juu ya paa. Mama, uliuliza biashara, nami nikawafikiria wake zao, wanawashaje moto humu na watoto, kila kitu kimelowa, hata sakafu inatoa maji. Mama mmoja mhudumu alinifundisha msemo wa watu wa kinamasi: wa kwanza alipata mauti, wa pili taabu, wa tatu mkate. Walioanza kuchimba walikufa, watoto wao wakahangaika, wajukuu ndio walioshiba. Nilipomwambia ninakotoka na nilichofuata, alikwenda nyuma akaniletea kipande cha Torf kikavu, nusu tofali, chepesi kama mkate mkavu. Kinanuka moshi ambao bado haujawaka. Nimekiweka kwenye kabati la kitanda changu.

Upana wa mfereji nimeupima. Nilisubiri gari zipungue nikavuka daraja kwa hatua za kawaida, kutoka ukingo mpaka ukingo wa maji. Nitamwambia babu mwenyewe kwa mdomo, maana ndiye aliyeuliza. Lakini nitasema tu kwamba Liemba ingelazwa hapo kwa kukingama, pua ingekuwa kwenye maua ya watu ng'ambo moja na mkia ungekuwa sebuleni mwa watu ng'ambo ya pili.

Utabiri umebadilika, kesho alfajiri mvua inakatika. Tunapakua, tunaondoka na maji ya usiku.

---

Mwalimu Mstaafu, Mwanga (Jumatano, saa 4 usiku)

Nimesoma mara tatu. Ribiti za bodi zilipigwa kwetu. Mwanangu, kesho nina kipindi cha kujitolea na watoto wa darasa la sita, nitaanza na sentensi hiyo hiyo, na nitawaleta wanne mbele washikane mikono ili waone inavyofanyika. Mungu akulinde majini.

---

Dada yake, Bangwe (Alhamisi, saa 1 jioni)

Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama wa Kibirizi. Mimi ni dada yake huyo mtu wa Papenburg. Yuko majini sasa, simu yake haipatikani, kwa hiyo naandika kwa niaba ya babu.

Nimemsomea yote leo mchana, barazani, nilirudia sehemu ya ribiti mara mbili kwa sababu sikio la kulia halisikii vizuri. Nilipofika pale pa mgongo babu alijipapasa begani kama anatafuta kitu. Halafu akasema jambo ambalo sisi nyumbani hatujawahi kulisikia, na nimekaa naye miaka yote hii.

Anasema chini kule, upande wa kushoto, jirani na palipokuwa panawekwa kuni, kuna mstari mmoja wa ribiti ambao umepinda kidogo. Ukiweka jicho unauona unakwenda sawa, unashuka upana wa kidole, unapanda tena. Alipoanza kazi akiwa kijana, wazee waliomfundisha walimwonyesha mstari huo siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kumwonyesha boila. Walimwambia ulipigwa na mzee mmoja wa Ujiji, alikuwa na homa siku hiyo na hakukubali kupumzika kwa sababu moto ulikuwa umeshawashwa na wenzake watatu wangekosa ujira. Nao waliambiwa na waliowatangulia. Kila mchochea moto mpya alionyeshwa mstari ule na kutajiwa jina.

Mwalimu, jina babu analikumbuka. Amelitaja na jina la baba yake, na mtaa. Nimeliandika kwenye daftari, sijaliweka hapa, kwa sababu babu anasema ukoo upo na haifai watu wasome habari ya mzee wao kwenye simu kabla hawajaambiwa uso kwa uso. Jumamosi nitampeleka Ujiji kwa bajaji, baada ya adhuhuri. Kama una nafasi tunaomba uje nasi, na uje na daftari lako, maana anasema akianza kutaja hilo moja mengine yatakuja, na yeye mwenyewe mkono hauandiki tena.

Kaka, ukiiona hii ukifika bandari inayofuata: kile kipande cha udongo babu anakitaka. Anasema usikifunge kwenye nailoni kitaota ukungu, kifunge kwenye gazeti. Anataka kukiwasha aone kinachomaje.